Upande wa Pili

Nilipokuwa na umri wa miaka 12 nilifuta gitaa la Michael Enoch.

Sikujua kama ni lake. Nilichojua ni kwamba kabatini kwa Baba Mkubwa kulikuwa na kaseti nyeusi, juu yake kumeandikwa kwa wino neno moja tu, "DAR", na kwamba sikuwa na hela ya kaseti tupu. Mwaka ulikuwa 2001. Profesa Jay alikuwa ametoka na Machozi, Jasho na Damu, redio za mjini zikimpiga asubuhi mpaka usiku, na mimi nilitaka kuwa na "Chemsha Bongo" yangu mwenyewe, niisikilize saa ninayotaka.

Baba Mkubwa alikuwa amevunja vile vijiplastiki viwili vya mgongoni mwa kaseti. Vikishavunjwa, kitufe cha kurekodi hakibonyezeki tena. Wa rika langu wanaijua dawa yake: unatafuna karatasi ya daftari, unaishindilia kwenye tundu, kitufe kinakubali. Nikashindilia tundu zote mbili. Kwa hiyo siwezi kusema nilipitiwa. Yeye alifunga mlango kwa makusudi, na mimi nikauvunja kwa makusudi.

Aligundua Jumapili, baada ya kula. Aliweka kaseti, akasikia mtu anaghani. Akaigeuza upande wa pili, akakuta hali ni ileile. Akauliza, "Nani kachezea hii?" Nikasema mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo. Hakunipiga, wala hakufoka. Aliitoa kaseti, akaing'oa ile karatasi yangu kwa ncha ya kisu, taratibu, kisha akairudisha kabatini palepale ilipokuwa. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoanza kujiuliza: ndani ya kile kitu kulikuwa na nini, hata mtu akakirudisha mahali pake ilhali hakimo tena?

*

Baba Mkubwa aliingia Dar es Salaam mwaka 1965 akitokea Kilosa. Alipata kazi ya utarishi kwenye ofisi moja ya Posta na chumba cha kupanga Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Kwa miaka mingi maisha yake yalikuwa mstari mmoja: asubuhi kutoka Kariakoo kwenda Posta kwa miguu, jioni kurudi. Nimeutembea mstari huo mara kadhaa nikiwa na swali langu. Unaanzia Posta, unapita sanamu ya Askari, unavuka Mnazi Mmoja, unaikuta Lumumba, na hapo umeshafika Kariakoo.

Kwa wanaoupita kila siku kuwahi daladala, ni mwendo wa kawaida. Lakini historia ya muziki wa dansi imelala humohumo njiani. Sanamu ya Askari iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Neno Kariakoo lenyewe linatokana na kikosi hichohicho cha wapagazi, Carrier Corps, ambacho kambi yake ilikuwa hapo. Kutokana na mabendi ya kijeshi ya enzi hizo, watu wa pwani walipata beni: ngoma za vijana waliovaa kama maofisa, wakapanga vyeo, wakaandamana na matarumbeta, Marini wakishindana na Arinoti. Na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi na Waingereza ili utenganishe maeneo ya Wahindi na Wazungu na makazi ya Waafrika. Baba Mkubwa aliuvuka mpaka huo mara mbili kila siku ya kazi.

Pembeni mwa uwanja huo ndipo ulipojengwa ukumbi wa Arnautoglu, uliofunguliwa miaka ya 1950 na kupewa jina la tajiri wa Kigiriki aliyetoa fedha. Humo ndimo Baba Mkubwa alimoanza kwenda dansini. Alikuwa na shati moja la dansi na suruali moja, na anasema vilipigwa pasi Ijumaa, kwa mkaa, hata kama dansi lenyewe ni Jumamosi.

Bendi zilizokuwapo ziliitwa "jazz", jina ambalo huwapoteza wageni. Jazz ya hapa haikuwa ile ya New Orleans. Lilikuwa jina la bendi ya kisasa, yenye vyombo vya kupuliza, ngoma na magitaa, inayopiga muziki wa kucheza wawili wawili. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Nyingine zilifuata na zilizaliwa kama vyama vya watu wa kwao waliokutana mjini: Ulanga Jazz, Rufiji Jazz, Kilwa Jazz, na Western Jazz ya watu waliotoka mikoa ya magharibi. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa kama timu ya mpira. Ulikuwa wa Saboso ya Western au wa Mundo ya Dar Jazz, na hukuwa wa zote mbili.

Baba Mkubwa alikuwa wa Mundo. Sababu yake ilikuwa mtu mmoja, aliyekuwa akipiga gitaa la solo.

*

Ili kuelewa gitaa hilo inabidi turudi nyuma kidogo, hadi gitaa lisilo na umeme.

Mwaka 1952, mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alifika Jadotville, mji wa migodi huko Katanga, akamrekodi kijana aitwaye Jean Bosco Mwenda. Mwenda aliimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kavu kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, lakini ukimsikiliza unaapa kuna watu wawili. Wimbo wake "Masanga" ulisambaa Afrika nzima. Wapiga gitaa wengi wa Afrika Mashariki waliokua miaka hiyo walijifunza kwa kuwasikiliza watu wa aina yake, sahani ya santuri ikirudiwa hadi inakwaruza.

Miaka 11 kabla, jambo kama hilo lilikuwa limetokea Mississippi. Mwaka 1941, Alan Lomax alikwenda kwenye shamba la pamba la Stovall akamrekodi mfanyakazi wa shamba aliyekuwa akipiga blues kwa gitaa kavu. Miaka miwili baadaye mfanyakazi huyo alipanda treni kwenda Chicago, na huko akabadili gitaa. Jina lake tunalijua: Muddy Waters. Hakubadili kwa kupenda anasa. Katika baa za Chicago watu wanakunywa, wanapiga kelele, wanacheza. Gitaa kavu halisikiki. Umeme ulikuwa njia ya mtu wa shamba kusikika mjini.

Na hapa kwetu ilikuwa hivyohivyo. Weka watu mia kadhaa ndani ya Arnautoglu, weka tarumbeta, saksafoni na tumba, kisha mpe mtu gitaa kavu apige kwa vidole viwili. Hata mchumba wake aliyekaa mbele hatamsikia. Gitaa la umeme lilipoingia kwenye bendi zetu halikuja peke yake. Lilikuja kama familia: solo mbele, second solo ikimjibu, rithim ikishona katikati, besi ikibeba mzigo chini. Ile kazi ya vidole viwili vya Mwenda ikagawiwa watu wanne.

Aliyekuwa mbele kwenye Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1960 ni Michael Enoch. Mashabiki walimwita King Michael. Wanamuziki wenzake walimwita Ticha, kwa sababu alifundisha wengi. Mwaka 1960 huko Marekani, Muddy Waters alipanda jukwaani kwenye tamasha la Newport na gitaa lake la umeme, mitambo ikarekodi kila kitu pamoja na makofi, na mwaka huohuo ikatoka albamu, At Newport 1960. Ukitaka kujua siku ile ilikuwaje, unaipata leo kwa dakika chache kwenye simu yako. Ukitaka kujua Jumamosi moja ya Michael Enoch pale Arnautoglu ilikuwaje, hupati. Swali langu limekuwa hilo: kwa nini hupati?

*

Jibu la kwanza ni kiwanda. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi iliyotaka sahani ilitegemea Nairobi. Na sahani yenyewe ilikuwa ndogo, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, ambayo kila upande unabeba dakika tatu au nne. Wimbo wa dansi hauenei hapo. Kwa hiyo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulipewa mashairi, taratibu, waimbaji wakieleza kisa. Upande wa pili ulipewa chemko, yaani ile sehemu wimbo unapopanda, waimbaji wanapopunguza maneno na magitaa yanapoachiwa uwanja. Aliyetaka kulisikia gitaa alilazimika kuinuka na kugeuza sahani. Baba Mkubwa anasema kuna marafiki zake ambao sahani zao zilichakaa upande mmoja tu.

Mbaraka Mwinshehe ndiye mfano mkubwa wa aliyefika Nairobi. Alikuwa mpiga solo, mtunzi na mwimbaji, kwanza na Morogoro Jazz, iliyokwenda hadi Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 kule Osaka, kisha na Super Volcano. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Kampuni ya santuri ilikusanya nyimbo zake ikazitoa katika mfululizo wa albamu zilizoitwa Ukumbusho. Mbaraka anastahili kila sifa anayopewa. Lakini nadhani ni haki pia kusema kwamba tunamkumbuka kuliko wenzake wengi kwa sababu kuna plastiki iliyomkumbuka kabla yetu.

Hata njia hiyo ya Nairobi ilifungwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Wanasiasa waligombania ndege na reli. Wapiga gitaa walipoteza kiwanda.

Jibu la pili ni redio. Kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na redio ya serikali peke yake, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilipeleka nyimbo zake, mashairi yakakaguliwa, kisha ikaitwa studio kule Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Hakukuwa na mambo ya leo ya kurekodi ngoma Jumatatu, gitaa Jumanne na sauti Alhamisi. Bendi nzima iliingia chumbani, maikrofoni chache zikapangwa, fundi akatoa ishara, wote wakapiga kwa pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo.

Nilipolielewa hili nilisimama kidogo. Maana yake ni kwamba kumbukumbu karibu zote za muziki wa dansi wa miaka ile ni muziki wa papo kwa papo. Si wa ukumbini, hauna makofi wala chupa zinazogongana, lakini ni watu wanane, kumi, kumi na wawili wanaosikilizana kwa wakati mmoja ndani ya chumba kimoja. Na kwa kuwa utepe wa redio haukuwa na mipaka ya sahani, wimbo uliachwa uende dakika saba, nane, tisa. Chemko haikukatwa. Upande wa pili ulikuwa hauna haja ya kugeuzwa. Albamu niliyokuwa naitafuta ilikuwepo, ila ilirekodiwa kwa ajili ya kurushwa hewani, si kwa ajili ya kuuzwa, na baada ya kurushwa ilirudi kwenye rafu za maktaba ya redio.

Ndiyo maana Baba Mkubwa alikuwa anakaa na redio kaseti, betri za National mpya, kidole juu ya kitufe. Kwa mshahara wake wa tarishi, hiyo ndiyo njia pekee ya kuwa na wimbo. Akisikia gitaa la kwanza tu anabonyeza. Ndiyo maana pia kaseti yake ilianza kila wimbo sekunde mbili tatu ndani: ilikuwa imebeba muda wa kidole chake.

*

Jibu la tatu linauma zaidi. Gitaa lenyewe halikuwa lake.

Vyombo vya umeme vilikuwa ghali na viliagizwa nje. Mwenye uwezo wa kuvinunua alikuwa tajiri mmoja mmoja au shirika, na kadiri siasa ya Ujamaa ilivyokua, mashirika yalizidi. Umoja wa wafanyakazi ulikuwa na NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na ambayo leo, baada ya kubadilishwa majina, ni Msondo Ngoma. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa nayo, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na yake. Mwanamuziki aliajiriwa, akapata mshahara, na hilo halikuwa jambo dogo. Wapo waliosomesha watoto kwa mshahara huo. Lakini alipoacha kazi, aliacha na gitaa. Alitoka mlangoni na vidole vyake tu.

Ndiyo maana historia ya bendi hizi imejaa kuhama. Mwaka 1978 wanamuziki waliotoka JUWATA Jazz na Dar International waliunda Mlimani Park, wakiwemo Muhiddin Maalim Gurumo, Abel Balthazar, Joseph Mulenga, Cosmas Chidumule na Michael Enoch wetu. Mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, ndiyo ile Sikinde iliyokuja kuutikisa ukumbi wa DDC Kariakoo. Mwaka 1985 Gurumo na wenzake wakavutwa na mfanyabiashara Hugo Kisima kwenda Orchestra Safari Sound. Tunapenda kuyasimulia hayo kama mapambano ya kishabiki, Sikinde na Msondo, nani kamchukua nani. Chini yake kuna jambo rahisi: mtu anafuata vyombo viliko.

Na kama gitaa si lako, na utepe si wako, na santuri hakuna, basi kilicho chako ni nini? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, wakati maduka ya kudurufu kaseti ya Kariakoo yalikuwa yamekwisha kuuza nyimbo hizo kwa miaka mingi bila mtunzi kuona senti. Wengi waliopiga yale magitaa walizeeka wakisikia kazi zao zinapigwa kila asubuhi kwenye vipindi vya zilipendwa. Waliombwa wawe na furaha kwamba wanapendwa.

Siandiki haya nikiwa pembeni. Mimi ni miongoni mwa waliochukua bila kuuliza. Tofauti yangu na mwenye duka la kudurufu ni kwamba yeye aliongeza nakala, mimi nilipunguza.

*

Baadhi ya mambo yameokolewa. Mwaka 1987 kampuni ya Original Music ya John Storm Roberts ilitoa The Tanzania Sound, mkusanyiko wa bendi za miaka ya 1960. Baadaye mfululizo wa Zanzibara kutoka Ufaransa uliweka juzuu mbili za dansi, ya tatu na ya tano. Nilinunua zote, nikaziweka kwenye simu, nikaenda Mbagala kwa Baba Mkubwa. Ana karibu miaka 80 sasa. Macho yamepungua, masikio bado.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja na mvua."

Nilimweleza nilichobeba. Tukakaa barazani, simu juu ya stuli, mvua kwenye mabati. Nilimpigia wimbo mmoja, wa pili, wa tatu. Kila gitaa lilipoingia alitaja bendi kabla sijasoma jina. Hakukosea hata mara moja. Ulipofika wa sita akanyoosha mkono, nikasimamisha.

"Ule haumo," akasema.

Sikumuuliza upi. Miaka zaidi ya 20 hatukuwahi kuizungumzia ile kaseti. Nikamwomba msamaha, kwa sauti, kama inavyotakiwa. Akacheka kidogo. Akasema mwenyewe alimkasirikia Michael kuliko alivyonikasirikia mimi, kwa sababu kule Mlimani Park Michael alionekana zaidi na saksafoni. "Saksafoni wapo wengi. Mimi nilikuwa namfuata kwa lile gitaa. Nilimsamehe kidogo kidogo."

Kisha, bila kuombwa, akaanza kulipiga kwa mdomo. Solo kwanza, kwenye meno. Akafika mahali akashuka, akawa second solo, akajijibu mwenyewe. Kiganja chake kilikuwa kinapiga besi kwenye mkono wa kiti. Jina la wimbo halikumbuki, mashairi anakumbuka nusu, lakini gitaa la upande wa pili analo lote, na kila mara analianza sekunde mbili tatu ndani, palepale kidole chake kilipobonyeza.

Nilirekodi kwa simu. Ni dakika nne na sekunde 12. Kuna mvua, kuna jogoo, kuna bodaboda inayopita, na mwishoni kuna sauti yake akiniuliza kama imeshika. Nimeihifadhi sehemu tatu. Nakala moja nimempelekea mpiga gitaa kijana anayepiga Ijumaa Kariakoo, nikamwambia ni ya nani, na iliwahi kuwa ya nani kabla.